Sifuri Nne za Somoe

Bibo la mkorosho likishalala chini siku mbili halinuki tena kama tunda. Utamu na uchachu vinashikana mashati, na harufu inayotoka hapo inaingia kwenye nguo, kwenye nywele, mpaka kwenye maji ya kunywa. Mtu akikupita njiani mwezi wa kumi unajua kabisa huyu ametoka kwenye mikorosho. Hapa Nachingwea, chuoni ninakosomea ualimu, harufu hiyo inatufikia bwenini upepo ukivuma kutoka upande wa mashamba. Wenzangu waliotoka mikoa ya mbali huziba pua wakacheka. Mimi hunyamaza. Mwaka huu, katika msimu huuhuu, mkufunzi wetu alitupa kazi ya kuandika kwenye shajara: kwa nini umechagua kuwa mwalimu? Ukurasa mmoja, alisema, ukweli mtupu, kwa sababu mwalimu asiyejijua atawajuaje watoto. Nikaandika haraka kuliko wote. Niliandika kwamba utotoni nilipata mwalimu mpole aliyenishika mkono nikiwa nalia, nikaapa kwamba siku moja na mimi nitamshika mtoto mkono. Mkufunzi akaisoma mbele ya darasa, watu wakanipigia makofi. Jamani, mwalimu huyo hajawahi kuwepo. Nilimtunga palepale, nikamvisha na shati la kijani. Sasa naandika upya, bila kutafuta maksi, ili walau karatasi moja ijue ni nini hasa kilichonifanya niitamani kazi hii.

Nilikulia upande wa Ruangwa, katika kijiji kilichoko njia ya Matambarale, ambacho jina lake naliacha kwa kuwa watu wake bado wapo na wana macho. Baba yangu alikuwa mkulima na katekista wa kigango, mtu wa maneno machache na nyimbo nyingi. Mimi nilikuwa mtoto wa ndoto. Nilichora ubao kwa mkaa kwenye ukuta wa jiko, nikapanga maboga chini kama wanafunzi, nikayafundisha mpaka jua linazama. Maboga ni wanafunzi wazuri sana, hayajibu ovyo. Mama alinigombeza kwa kuchafua ukuta, baba akamwambia, "Mwache mwalimu wangu afanye kazi." Rafiki yangu wa chanda na pete alikuwa Somoe, jirani yetu. Yeye alilelewa na bibi yake, mzaa mama, mwanamke mwenye miguu iliyovimba ambaye Kiswahili kilimpa shida. Alizungumza Kimwera na watu, na kuku, na Mungu wake. Mjomba wake Somoe, aliyekuwa tegemeo la nyumba ile, alikwenda Namungo kuchimba dhahabu, na tangu hapo akawa wa kusikika tu. Sikukuu ya Idi sahani ilitoka kwao kuja kwetu, Krismasi ikatoka kwetu kwenda kwao. Katika hesabu Somoe alinishinda, na hakunificha majibu.

Kwetu msimu wa korosho ni wa kuhama. Kuanzia mwezi wa tisa nyumba nyingi zinafungwa kwa kamba, watu wanahamia vibanda vya shambani, kwa sababu korosho haingoji mtu. Ukiiacha chini inalowa, inaibiwa au inaliwa na wadudu. Watoto nao wanahama. Ndiyo maana, tangu enzi za kaka na dada zetu, shuleni tulikuwa na utaratibu wetu ambao haukuandikwa popote, tuliouita kuitikiana. Mwalimu akiita jina la aliyeko shambani, mwenzake wa dawati anaitika "Nipo!" kwa sauti aliyoibana kidogo. Walimu walijua. Walitabasamu, wakaweka alama ya vema, wakaendelea, maana korosho zikiisha kila mtu angerudi, na aliyebaki nyuma angesaidiwa na mwenzake. Mimi nilimwitikia Somoe tangu darasa la pili, naye aliniitikia mimi. Machoni petu haukuwa uongo. Ilikuwa kama kumwekea mwenzako chakula pembeni asipokuwepo wakati wa kula.

Tulipofika darasa la nne tukapewa Mwalimu Elibariki, kijana aliyetoka Singida, mwenye viatu vilivyong'aa hata kwenye vumbi letu. Darasa la nne lina mtihani wa taifa, na yeye alitaka darasa lake ling'are kama viatu vyake. Akatangaza kwamba kuitikiana kumekwisha, na kwamba mtoto atakayefikisha sifuri thelathini kwenye rejista hataufanya mtihani, atarudia darasa. Halafu akaangaza macho, akaniita mbele. "Wewe Fausta, mwandiko wako mzuri. Utashika rejista." Mwalimu mwenyewe alikuwa amekodi mikorosho michache kule bondeni, na msimu ule mguu wake mmoja ulikuwa shuleni, wa pili shambani. Lakini mimi hayo niliyaona wapi? Niliiona rejista tu. Jalada lake gumu, mistari yake myembamba, kalamu ya bluu ya waliopo na nyekundu ya wasiopo. Niliifunga kwenye mfuko wa nailoni isipate unyevu. Baba aliiwekea nafasi juu ya kabati, karibu na kitabu chake cha liturujia, na nikaona nimefika.

Asubuhi ya kwanza niliposimama mbele ya darasa nikaita majina, nilifika kwa Somoe. Kimya. Darasa zima likaniangalia, kwa sababu wa kumwitikia Somoe siku zote nilikuwa mimi. Nikasema, "Somoe, hayupo," nikachora sifuri nyekundu. Ilikuwa sifuri nzuri, ya mviringo kabisa. Mwalimu Elibariki, aliyekuwa mlangoni, akanigonga begani. "Mnamwona huyu? Huyu ndiye mwalimu wa kesho." Nawaambieni ukweli, hakuna asali niliyowahi kuilamba iliyofikia utamu wa maneno yale. Wiki zilizofuata niliita majina kwa sauti ya chuma, nikatembea kati ya madawati mikono nyuma, na aliyethubutu kumwitikia mwenzake nilimwandika yeye kwenye orodha ya wapiga kelele. Nyani haoni kundule, na mimi nilikuwa nyani niliyepewa na kioo nikakigeuzia ukutani.

Kisha mawingu yakaanza kukusanyika mapema. Baba akaogopa korosho zisilowe, akatuhamishia shambani Jumapili baada ya ibada. Nikamwambia nina rejista. Akasema, "Mwalimu wangu, mvua haina rejista." Nikaokota korosho Jumatatu mpaka Alhamisi, rejista ikiwa imelala kibandani kwenye nailoni yake. Shamba letu lilipakana na la bibi yake Somoe. Mpaka ulikuwa mstari wa mihogo tu. Siku ya Jumatano Somoe akavuka mihogo hiyo, vidole vimebabuka kwa utomvu, ananichekea kwa meno yote.

"Kiranja! Na wewe umo? Leo majina anaita nani?"

"Mwalimu mwenyewe," nikasema kwa kujikaza.

"Mwalimu gani? Nimemwona asubuhi anasukuma baiskeli na gunia juu yake, shati kalifunga kiunoni. Viatu kavivua, kavining'iniza kwenye usukani!"

Tukacheka mpaka tukakaa chini. Akaniuliza wamefundishwa nini wiki iliyopita, nikamchorea mafumbo ya hesabu kwenye mchanga, akayajibu yote kabla sijamaliza kuchora. Nilikuwa nimechoka, na mistari yangu ya mikorosho ilikuwa bado mirefu. Somoe akaacha ya kwao, akaniokotea mistari miwili mizima, ananyofoa korosho kwenye mabibo upesiupesi kama anayecheza, huku bibi yake akimwita kwa Kimwera kutoka ng'ambo ya mihogo. Aliporudi kwao alinipungia mkono na bibo mdomoni. Hiyo ni picha ya mwisho niliyo nayo ya Somoe akiwa rafiki yangu.

Ijumaa nikarudi shule. Mwalimu Elibariki naye akarudi, shingo imeungua jua. Akaomba rejista, akakuta wiki nzima ni nyeupe. Hakunigombeza, angenigombeza kwa lipi, na yeye hakuwepo? Akasema, "Ijaze, niione saa nne." Nikakaa chini ya dirisha nikaijaza. Sikujua nani alikuja nani hakuja, kwa hiyo nikawawekea vema watu wote, nikiwemo mimi mwenyewe. Mwalimu akaitazama, akatikisa kichwa. "Fausta, rejista ya msimu wa korosho ikawa safi namna hii, mkaguzi gani ataikubali? Lazima kuwe na wasiokuwepo." Akatoka kwenda kunywa chai.

Hapa ndipo nimekuwa nikipaogopa tangu nilipoanza kuandika. Nilikuwa na umri wa miaka kumi na moja, na nilipewa ukurasa na kalamu nyekundu ili nichague nani hakuwepo. Nilifikiri sana, tena kwa akili. Mtoto wa mwenyekiti wa kijiji, baba yake angekuja kuuliza. Mapacha wa mama mwenye kinu cha kijiji, mama yao ana mdomo. Mimi mwenyewe, hilo halikunipita hata akilini. Nikaendelea kushuka na kidole mpaka nikafika kwa mtu ambaye nyumbani kwao hakuna wa kuja kuuliza, na hata akija hatajua aulize kwa lugha gani. Nikaigeuza vema ya Jumatatu kuwa sifuri. Jumanne. Jumatano, siku aliyoniokotea mistari miwili. Alhamisi. Nikawaongezea wengine watatu sifuri mojamoja ili ionekane sawa. Mwalimu aliporudi akasema, "Sasa hii ni rejista."

Wiki mbili baadaye ikaenea habari kwamba orodha ya watakaozuiwa mtihani inasomwa kesho. Somoe akaja kwetu asubuhi, ndoo tupu kichwani kana kwamba anapita kwenda kisimani. Alikuwa amehesabu. Hesabu hazikumshinda.

"Shoga, mimi nina thelathini na mbili," akasema. "Nitolee zile nne za wiki ya mawingu, nibaki na ishirini na nane."

"Zimeshaandikwa."

"Nani kaziandika? Si wewe? Fausta, tulikuwa wote shambani. Wewe una ngapi wiki ile?"

Nikanyoosha shingo, nikasema kama nilivyomsikia Mwalimu akisema, "Rejista ya serikali haifutwi."

Akacheka. Alidhani ni mchezo, maana mimi na yeye tulikuwa na michezo mingi. Akasubiri nicheke na mimi. Aliponiona sicheki, uso wake ukafanya kitu ambacho sijakiona tena kwa mtoto yeyote. Ulizeeka palepale, mlangoni pa jiko letu. Akageuka na ndoo yake akaenda. Wanasema majuto ni mjukuu, huja baadaye. Ya kwangu hayakuchelewa hivyo. Yalikuja asubuhi ileile, nikayaambia yasubiri.

Orodha iliposomwa mstarini, jina lake lilikuwa la tatu. Hakulia. Siku iliyofuata bibi yake akaja shule, kwa miguu yake ile iliyovimba, safari ambayo mtu mzima mwenye afya huitembea kwa robo saa na yeye aliianza kabla ya alfajiri. Amevaa kanga safi, amebeba korosho za kukaanga kwenye bakuli la bati, zimefunikwa vizuri kama za mgeni. Mwalimu Elibariki hakujua Kimwera, bibi hakukiweza Kiswahili. Basi nani aitwe? Nikaitwa mimi, mwenye adabu na mwandiko mzuri. Bibi akasema na mimi nikageuza. Akasema mtoto hana kosa. Akasema ni miguu yake yeye, bibi, ndiyo iliyomshika mtoto shambani, na kama kuna fimbo basi achapwe yeye, hata sasa, yuko tayari, lakini mtoto aufanye mtihani. Nikayageuza yote hayo bila kukosea hata neno. Mwalimu akatazama chini, nadhani aliona haya, kisha akasema, "Mwambie bibi, rejista haisemi uongo."

Nikamwambia. Kwa Kimwera kizuri, kwa mdomo wangu huu. Bibi akaitika kwa kichwa polepole, kama mtu aliyesomewa hukumu na akaona ni ya haki. Wakati wa kutoka akaniwekea kiganja kichwani, akanishukuru kwa kumsaidia. Bakuli aliliacha mezani. Somoe hakurudia darasa. Januari hakuja, na mwaka uliofuata hakuja, na jina lake likapigwa mstari kwa rula.

Mimi nilifaulu. Nilikwenda sekondari, nikamaliza kidato cha nne na daraja la tatu la mwishomwisho, na nilipoulizwa ninataka kusomea nini sikusita hata dakika. Wenzangu hapa chuoni husema walivutwa na kupenda watoto. Na mimi nawapenda, Mungu anajua. Mtoto akijikwaa mimi ndiye ninayelia. Lakini nikijichunguza vizuri, bila makofi ya darasa, naona kilichonivuta kwanza ni ile asubuhi ya sifuri ya mviringo. Niligundua kwamba kuna kazi duniani ambayo mtu anasimama mbele, na kuwepo au kutokuwepo kwa mwenzake kunategemea kidole chake. Nilionja, nikataka tena. Upendo nimeuokota baadaye, njiani, na kila siku najiuliza kama umeshafika wa kutosha kuufunika mzizi ule, au nimeupaka juu tu kama chokaa.

Mwaka huu nilipangiwa mazoezi ya kufundisha katika shule moja ya Ruangwa. Siku hizi, naona, mambo yamebadilika kidogo. Mahudhurio yanaingizwa kwenye simu, na wazazi wengi wanawaacha watoto kijijini kwa shangazi badala ya kuhama nao. Lakini niliwakuta walimu wenye viatu vinavyong'aa, na niliwakuta viranja wenye shingo ndefu. Wiki ya tatu nikasikia kwamba Somoe yuko Namungo, anawapikia wachimbaji. Jumamosi nikapanda bodaboda. Nilimkuta nyuma ya sufuria tatu, amenenepa vizuri, anawatania wateja mpaka wanaomba kuongezewa ugali kwa kicheko. Aliponiona akasimama na mwiko mkononi.

"Haa! Mwalimu kaja kukagua!" Akamvuta binti mdogo aliyekuwa anaosha sahani. "Msalimie mwalimu wa mama yako."

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu," nikasema.

Akanijazia sahani. Nikasema sina njaa. "Kula, bwana. Rejista ya serikali haifutwi, na ugali wa Somoe haurudishwi." Wateja wakacheka bila kujua wanacheka nini. Nikaila yote. Watu walipopungua nikamwambia. Nilisema kila kitu, hata ile ya kushuka na kidole nikitafuta mtu asiye na mtetezi, jambo ambalo yeye hakuwa analijua. Alikuwa anasugua sufuria. Hakuacha kusugua.

"Mimi nilipoa zamani," akasema mwisho. "Nina mtoto, nina jiko, ninachekwa na kucheka. Ningekuwa nakuwaza wewe hizi sufuria angesugua nani? Ila bibi hakupoa, Fausta. Miaka mitatu mpaka anakufa, kila msimu ukija anaipiga ile miguu yake kwa ngumi. Anasema, nyie miguu mlimtoa mtoto shule. Mimi namwambia si miguu, bibi, haniamini. Aliambiwa rejista haisemi uongo, naye alimwamini aliyemwambia." Akamwaga maji machafu pembeni. "Kwangu usiombe kitu. Nenda kamwambie yeye. Kaburi liko kulekule shambani, upande wa mihogo, kuna jiwe."

Hiyo ilikuwa miezi miwili iliyopita. Tangu hapo nimetoka chuoni Jumapili mbili, nimepanda gari mpaka Ruangwa, nikachukua bodaboda ya njia ya Matambarale. Mara zote mbili tulifika pale njia ya kuelekea mashambani inapochepuka, na kijana akapunguza mwendo akaniuliza, "Madam, tunaingia?" Mara ya kwanza nikamwambia nimesahau kitu mjini. Mara ya pili sikutafuta hata sababu, nikamwambia geuza. Nikiwa na miaka kumi na moja niliweza kumtazama mwanamke yule machoni nikamweleza uongo kwa lugha ya mama yake, na miguu yangu haikutetemeka. Leo nina umri wa mtu mzima, nakaribia kupewa cheti cha kuwafundisha watoto wa watu, na siwezi kutembea hatua mia tatu kwenda kusema kweli mbele ya jiwe.